Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Ini Langu Lilikataliwa?

Tangu safu hii ilipoandika kuhusu ugonjwa wa ini kusinyaa, barua nyingi zimetufikia kutoka kwa watu wanaofikiria kumchangia ndugu yao kipande cha ini, au waliokwisha kujaribu. Tumechagua tatu: mbili zinagusa jambo ambalo halisemwi mara nyingi, nalo ni jinsi ini lilivyoumbwa ndani, na ya tatu ni ya mtu asiyetaka kuchangia. Majina ya waandishi tumeyahifadhi.

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni mwanamume wa miaka 34, mkazi wa Tanga. Kaka yangu aliugua ini kusinyaa lililotokana na homa ya ini aina ya B, na mwaka huu tulikwenda India watatu: yeye, mimi na dada yetu mdogo. Kundi langu la damu ni sawa na lake, sivuti sigara, sinywi pombe, na kwa mwili ni pande la mtu. Hata hivyo, baada ya kupimwa kwa CT-Scan na MRI niliambiwa sifai. Karatasi niliyopewa inataja mambo matatu: mrija wa nyongo wa nyuma kulia umeingia kushoto, vena ya lango haina shina la kulia, na upande wangu wa kushoto ni asilimia 27 tu ya ini lote. Dada yangu, ambaye hafiki hata kilo 60, ndiye aliyechangia, na wote wawili wanaendelea vizuri. Nyumbani sasa wapo wanaosema niliogopa kisu, na wengine wananong'ona kwamba nina ugonjwa ninaouficha. Maneno hayo yamenikata maini. Je, mimi ni mgonjwa? Na kama ni mirija tu, kwa nini hawakuirekebisha?

JIBU: Marahaba, na pole kwa kuuguza. Swali lako la kwanza lina jibu fupi: hapana, huumwi. Hakuna hata moja kati ya yale matatu yaliyoandikwa kwenye karatasi yako ambalo ni ugonjwa, na kama kaka yako asingeugua ungeweza kuishi hadi mvi zikuote bila kujua kwamba mirija yako imekaa hivyo. Swali la pili ndilo linalohitaji nafasi.

Yeyote aliyewahi kukatakata ini la mbuzi jikoni amekutana na vitundu vyenye kingo nyeupe, vigumu kidogo, ambavyo kisu huviteleza na meno huvikataa. Hiyo ndiyo mirija tunayoizungumza. Ndani ya ini la mtu mzima, ambalo huwa na uzito wa kilo moja na robo hadi moja na nusu hivi, husafiri kwa pamoja mabomba ya aina tatu. Ya kwanza ni ateri, inayoleta damu yenye oksijeni kutoka moyoni. Ya pili ni vena ya lango, bomba pana linalokusanya damu kutoka matumboni na kwenye bandama, nalo peke yake huleta kama robo tatu ya damu yote inayoingia ini. Ya tatu ni mrija wa nyongo, unaokwenda kinyume na hizo mbili, kwa kuwa wenyewe unatoa na hauingizi. Zipo pia vena za ini, ambazo hupita njia zao mbali na hizo tatu na kuirudisha damu moyoni. Mpasuaji wa Kifaransa, Claude Couinaud, alionyesha mwaka 1957 kwamba ukiyafuata mabomba hayo utaliona ini limegawika katika sehemu nane, kila sehemu ikiwa na tawi lake la ateri, la vena ya lango na la mrija wa nyongo. Kwa sababu hiyo ini linaweza kukatwa likawa vipande viwili, na kila kipande kikaishi katika mwili wake.

Tatizo ni kwamba ramani iliyochorwa vitabuni ni ya wengi, si ya wote. Mwaka 1966 Mmarekani Nicholas Michels alichapisha matokeo ya kupasua maiti 200 akifuatilia ateri ya ini peke yake, na akakuta mpangilio wa kitabuni katika asilimia 55 tu. Kwa wengine tawi la kulia lilitokea kwenye ateri ya utumbo, au tawi la kushoto lilitokea kwenye ateri ya tumbo la chakula. Tafiti za baadaye zimepata idadi kubwa zaidi ya wanaofuata kitabu, kama robo tatu, lakini hata hivyo anabaki mtu mmoja kati ya wanne. Kwa vena ya lango, wanaofuata ramani ni 7 hadi 8 katika kila 10. Kwa mirija ya nyongo ni kama 6 katika 10. Ukiziweka hesabu hizo pamoja, mtu ambaye mabomba yake yote yamekaa kama kitabu kinavyotaka ni wa kutafutwa. Basi usijione kioja.

Sasa tuitazame karatasi yako. Anayechangia upande wa kulia hukatwa ini kwa kufuata mstari unaoanzia pale kibofu cha nyongo kinapolala hadi kwenye vena kubwa iliyo nyuma ya ini, mstari alioueleza daktari wa Kiskoti James Cantlie mwishoni mwa karne ya 19. Kwa watu wengi upande huo wa kulia una mirija miwili ya nyongo, wa mbele na wa nyuma, ambayo huungana ikawa shina moja kabla ya kukutana na shina la kushoto. Mpasuaji akikata hapo, kipande kinatoka na mdomo mmoja wa kushona. Kwako wewe ule wa nyuma haukumsubiri mwenzake. Umevuka mstari na kwenda kumwaga nyongo yake katika shina la kushoto. Ukikatwa, kipande kitatoka na midomo miwili, kila mmoja una upana wa milimita chache, kiasi cha kupitisha ncha ya penseli, na kila mmoja utashonwa peke yake kwenye mrija wa mgonjwa au kwenye utumbo wake mwembamba, kwa uzi mwembamba kama unywele na mpasuaji akiwa amevaa miwani ya kukuzia. Kadiri midomo inavyoongezeka, ndivyo nafasi ya nyongo kuvuja, au ya mshono kujikunja na kuziba baadaye, inavyoongezeka. Anayejua kutengeneza kuku anajua inavyokuwa nyongo ikitumbuka juu ya nyama. Ikimwagika ndani ya tumbo la mtu aliyetoka kupandikizwa, huleta uambukizo, homa na safari nyingine ya chumba cha upasuaji.

Na hapo nimemtaja kaka yako tu. Lile shina la kushoto ambalo mrija wako wa nyuma umejishikiza ndilo ungebaki nalo wewe. Mkato ukilisogelea mno, linaweza kuvuja au kusinyaa, na mtu aliyeingia hospitalini kwa miguu yake, hana hata kikohozi, akatoka na macho ya manjano. Timu yoyote ya upandikizaji inayostahili jina hilo huhesabu hatari ya mchangiaji kwanza, ndipo ihesabu faida ya mgonjwa.

Kuhusu vena ya lango, jambo ni lile lile kwa bomba pana zaidi. Kwa kawaida shina kuu hugawika mara mbili, kulia na kushoto. Kwa watu kama wewe, tawi la nyuma la kulia huchomoka mapema kutoka kwenye shina kuu, na la mbele huchomoka mbele zaidi, karibu na la kushoto au juu yake, kwa hiyo hakuna sehemu moja ya kukata. Hili mara nyingi hurekebishwa: ini bovu la mgonjwa likishatolewa, mpasuaji huchukua njiapanda ya vena yake ya lango, yenye umbo la Y, na kuitumia kuunganisha midomo miwili ya kipande kipya. Kwa hiyo ni kweli, kama ulivyohisi, kwamba hospitali zenye uzoefu huwapokea wachangiaji wenye mirija kama yako, na nyingine huwakataa, kutegemea mikono iliyopo na mgonjwa anayesubiri.

Kwa maoni yangu kilichofunga mlango ni lile jambo la tatu, ambalo huenda uliliona dogo. Kanuni inayofuatwa na hospitali nyingi ni kwamba mchangiaji asibakiwe na chini ya asilimia 30 ya ini lake, na nyingine hudai 35. Wewe ungebakiwa na 27. Kwa upande wa pili, kipande anachopewa mgonjwa hutakiwa kufika angalau asilimia 0.8 ya uzito wa mwili wake. Tufanye mfano: mgonjwa wa kilo 70 anahitaji kipande cha gramu 560. Mwanamke mwembamba mwenye ini la gramu 1,100, ambaye upande wake wa kulia ni asilimia 62, anaweza kutoa gramu 682 na kubaki na 418, yaani asilimia 38. Pande la mtu mwenye ini la gramu 1,500, ambaye upande wake wa kulia ni asilimia 73, angetoa gramu 1,095, zaidi ya inavyohitajika, lakini angebaki na 405, na gramu hizo 405 zingetakiwa kuuhudumia mwili mkubwa kuliko wa yule mwanamke. Ukubwa wa mwili wako haukukusaidia kitu. Mgawanyo wa ini ndio ulioamua. Pengine ungeulizwa kuhusu kutoa upande wa kushoto, lakini asilimia 27 ya ini la kawaida ingekuwa ndogo mno kwa mwanamume mzima.

Niongeze kwamba kutofuata kitabu si kasoro kila mara. Ateri ya kulia inayotokea kwenye ateri ya utumbo huwa ndefu, na mpasuaji huifurahia kwa sababu anapata kipande kirefu cha kushikilia. Inayotisha ni ile ateri ndogo ya sehemu ya nne ya ini ikitokea upande wa kulia, kwa kuwa ukiuondoa upande huo unaiacha sehemu anayobaki nayo mchangiaji bila damu yake ya ateri.

Ombi langu kwako: ile CD ya picha zako usiitupe. Siku ukiugua vijiwe vya nyongo na ukatakiwa kuondolewa kibofu cha nyongo, mwonyeshe mpasuaji picha hizo pamoja na karatasi yako kabla hajakugusa, kwa sababu mirija iliyokaa njia isiyozoeleka ni miongoni mwa inayokatwa kwa kudhaniwa mingine. Na wanaosema uliogopa kisu, wape ukurasa huu wausome.

SWALI: Assalaam alaykum daktari. Ninaandika kutoka Mombasa. Mwanangu ana miezi saba na ameambiwa mirija yake ya nyongo iliziba tangu kuzaliwa, na kwamba sasa ni lazima apandikizwe ini. Niko tayari kumpa langu. Nimeambiwa watachukua upande wa kushoto, je, kipande hicho kitaota tena? Pia ripoti yake inasema ana bandama nyingi ndogo ndogo na kwamba vena yake ya lango imepita mahali pasipo pake. Je, atapandikizika?

JIBU: Waalaykumu salaam, mama. Mtoto mdogo hahitaji upande mzima. Huchukuliwa sehemu ya pili na ya tatu, ile ncha ya kushoto inayolala juu ya tumbo la chakula, ambayo ni kama robo ya ini lako au pungufu. Hatari kwa mchangiaji wa ncha hiyo ni ndogo kuliko kwa anayetoa upande wa kulia: makadirio yanayotumiwa na madaktari ni kifo 1 kwa kila wachangiaji 1,000 hivi, dhidi ya 2 hadi 5 kwa kila 1,000 kwa upande wa kulia. Nakutajia hesabu hizi kwa sababu ni haki yako kuzisikia kabla ya kutia sahihi.

Wewe si wa kwanza katika njia hiyo. Upandikizaji wa kipande cha ini kutoka kwa mtu aliye hai ulianzia kwa watoto. Silvano Raia alijaribu huko São Paulo mwaka 1988 na mtoto hakuishi. Julai 1989, huko Brisbane nchini Australia, Russell Strong alichukua kipande cha ini la mama wa Kijapani akampandikiza mwanawe, na mtoto akapona. Karibu na sisi, hospitali ya Wits Donald Gordon ya Johannesburg huwapandikiza watoto kwa njia hiyo, na mwaka 2017 ilimruhusu mama anayeishi na virusi vya UKIMWI amchangie mtoto wake ambaye hakuwa navyo, baada ya kukosekana mchangiaji mwingine.

Kuhusu kuota tena, watu wengi hulifananisha ini na mkia wa mjusi, na mfano huo si sahihi. Kilichokatwa hakichipui. Sehemu iliyobaki ndiyo inayonenepa, haraka sana katika wiki mbili za kwanza na polepole baadaye, hata katika miezi mitatu hivi likakaribia uzito wake wa awali. Mabomba hayaongezeki, hupanuka tu yale yaliyopo. Kwa sababu hiyo hiyo mtu huchangia ini mara moja katika maisha yake.

Sasa mwanao. Baadhi ya watoto wenye tatizo hili, kama mmoja katika kila kumi, huzaliwa na bandama nyingi, na pamoja nazo huja mpangilio usio wa kawaida wa mishipa: vena ya lango hupita mbele ya utumbo badala ya nyuma, vena kubwa ya nyuma ya ini hukosekana, na mara nyingine viungo vya tumbo hukaa kinyume, cha kulia kushoto. Hapo zamani hali hiyo ilihesabiwa kuwa kikwazo cha upandikizaji. Leo si kikwazo tena, ila inamtaka mpasuaji ajue mapema, apange atashona wapi, na pengine aandae kipande cha vena cha kurefushia. Jambo unalotakiwa kuuliza ni moja: je, timu hii imewahi kumpandikiza mtoto mwenye bandama nyingi? Uliza, na subiri jibu lenye idadi.

Kwa akina mama wengine wanaosoma: mtoto mchanga ambaye macho yake bado ni ya manjano baada ya wiki mbili, na choo chake ni cheupe kama udongo wa mfinyanzi, asianikwe juani asubuhi kwa miezi akisubiriwa apone. Operesheni ya kuunganisha ini na utumbo, aliyoibuni Mjapani Morio Kasai katika miaka ya 1950, hufaa zaidi ikifanywa kabla mtoto hajatimiza siku 60.

SWALI: Daktari, naomba usitaje mji wangu. Shemeji yangu, kaka wa mume wangu, anahitaji ini, na mimi ndiye pekee ambaye kundi la damu limelingana. Ukoo mzima umekwisha kukaa kikao. Sitaki, na siwezi kusema kwamba sitaki. Nifanyeje?

JIBU: Mama, una njia, na iko ndani ya taratibu zenyewe. Hospitali zinazofuata maadili humpa mchangiaji daktari wake na mshauri wake, tofauti na wanaomtibu mgonjwa, na humhoji akiwa peke yake, mume na mashemeji wakiwa nje. Katika chumba hicho sema ulichonieleza mimi, kwa maneno yale yale. Watakachoiambia familia ni kwamba huyu hafai kuchangia, basi. Hawalazimiki kueleza sababu, kwa kuwa matokeo ya vipimo vyako ni siri yako. Unaweza kusema hivyo hata baada ya kutia sahihi, hata asubuhi ya upasuaji, maadamu hujapewa nusukaputi.

Kama mnakwenda India, fahamu kwamba sheria ya huko ya mwaka 1994 kuhusu upandikizaji wa viungo, na marekebisho yake ya mwaka 2011, haimhesabu shemeji kuwa ndugu wa karibu. Ndugu wa karibu ni mume au mke, wazazi, watoto, ndugu wa kuzaliwa, mababu na wajukuu. Utapelekwa mbele ya kamati ya idhini, na huko utaulizwa tena kama umekuja kwa hiari.

Natambua kwamba msomaji wangu wa Tanga anaweza kunilaumu, kwa sababu neno hilo hilo, "hafai," linalokukinga wewe ndilo lililomwachia yeye minong'ono. Yeye ana karatasi yenye asilimia 27 ya kuwaonyesha watu. Wewe huhitaji karatasi. Omba kuonana na mratibu wa wachangiaji peke yako, kabla ya kipimo cha kwanza kama inawezekana, kwa sababu CT-Scan na sindano ya dawa yake ya rangi si vitu vya kumpitisha mtu ambaye moyoni amekwisha kukataa.